Anakuja Nikimwita

3 Machi

Mama Mkunga,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, na kwamba wamekupa kitanda cha karibu na dirisha kama ulivyotaka, hata kama huruhusiwi kuchungulia.

Angalia mambo ya dunia. Nimefungua kampuni ya mtandaoni, nikaandika kwenye tovuti kwa herufi kubwa: "MGENI NJOO. Ukisafiri, tuachie mnyama wako. Picha yake utaipata kila asubuhi, popote ulipo." Kisha mteja wangu wa kwanza kabisa anakuwa mtu aliyefungwa bandeji machoni na kunyang'anywa simu mlangoni mwa wodi! Kaka yangu alicheka mpaka akakaa chini. Haya, nimenunua kalamu. Barua nitaipa basi la vifurushi, muuguzi akusomee.

Mbwa wako Hakimu hajambo. Alipofika alikagua nyumba nzima ya kaka, chumba baada ya chumba, halafu akakaa katikati ya sebule akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta wa kumfunga. Nikaelewa kwa nini ulimpa jina hilo. Amekula vizuri. Amelala mlangoni kwangu, mgongo umeegemea ubao wa mlango.

Walezi waliojiandikisha kwenye kampuni mpaka sasa ni mmoja, nami ndiye. Nilipoacha kazi ya kaunta benki, watu walisema nimerogwa. Waache waseme. Wewe umeniamini kabla ya mtu mwingine yeyote, na hilo silisahau.

Wako,
Mkurugenzi (pia mhasibu na mfagizi), Mgeni Njoo


6 Machi

Mwanangu Mkurugenzi,

Marahaba. Anayeandika ni muuguzi. Mimi nimelazwa kifudifudi, uso umezama kwenye tundu la mto, nazungumza na sakafu. Daktari anasema nikae hivi mpaka jicho lishike. Maisha yangu yote nimewaambia wanawake "sukuma", leo naambiwa "tulia". Mungu naye ana utani wake.

Jicho la kushoto lilizimika zamani, matanga yake nilishamaliza. Limebaki hili la kulia. Daktari hasemi litapona, wala hasemi halitapona. Anasema "tusubiri". Mimi nimekuwa mkunga, neno hilo nimelitumia sana, najua linatumika wakati gani.

Ndiyo maana nakusumbua juu ya Hakimu. Mwaka mzima sasa ameniongoza yeye. Mbele kukiwa na mtaro, ananisukuma goti. Pikipiki ikitokea upande wangu wa giza, anasimama mbele yangu kama ukuta, hata nimtukane hatoki. Nikirudi bila jicho, yeye ndiye jicho. Nisipokuwa naye, binamu yangu atanichukua kwake, na kwa binamu mimi nitakuwa kiti kimoja zaidi sebuleni. Nakwambia ukweli, mwanangu, bora nife.

Jambo moja tu. Ukimtoa nje ya geti, usimfungue kamba, hata kidogo. Na usiniulize kwa nini.

Mama Mkunga

Dada, haya naongeza mimi muuguzi, yeye hajui. Mama huyu hatakiwi kulia. Akilia, presha ya jicho inapanda na kazi yote ya daktari inaharibika. Barua zako ziwe za kumfurahisha. Tunakutegemea.


9 Machi

Dada Muuguzi,

Hii usimsomee. Kama umeifungua ukiwa kando ya kitanda chake, ikunje sasa hivi, uitie mfukoni, utoke nje.

Hakimu amepotea.

Nilitaka picha ya tangazo. Nilimvalisha kitambaa cha kampuni shingoni, nikamtoa nje ya geti kwa sababu ukuta wa jirani umepakwa rangi nzuri. Kamba ilikuwa inaharibu picha. Nikaifungua. Nikarudi nyuma kidogo, nikapiga, nikainamia simu kuangalia kama imetoka vizuri. Imetoka vizuri mno. Kuinua kichwa, mbwa hayupo.

Nilimwita mpaka majirani wakatoka wakidhani nyumba inaungua. Kaka, ambaye tangu mwanzo ameiita kazi hii ushuzi mtupu, alikwenda mwenyewe kuazima kipaza sauti. Tumezunguka na gari lake mtaa kwa mtaa, mpaka kule kwenye viwanda na maghala, mimi nimetoa kichwa dirishani naita: "Hakimu! Hakimu, njoo!" Nimeita mpaka sauti imekauka. Hakuna kichaka sijakiita. Mbwa gani huyu, dada? Anamwongoza mtu sokoni na kumrudisha, lakini anasikia jina lake na hageuki?

Alinikataza kufungua kamba. Alinikataza kwa maneno yake mwenyewe, na barua yake ilikuwa mezani kwangu siku ile. Nimwambieje? Naomba uniambie la kufanya, kwa maana akili yangu imegoma.

Mkurugenzi


11 Machi

Dada,

Nilikusoma nikiwa stoo ya mashuka, mlango nimeufunga.

Usimwambie. Nimemuuliza daktari kwa kuzunguka, bila kutaja mbwa, akasema mshtuko wowote sasa hivi utamaliza jicho lile. Bandeji inatoka tarehe 22. Mpaka siku hiyo Hakimu yuko kwako, anakula na kulala. Andika hivyo. Mimi ndiye nitakayesoma kwa mdomo wangu, kwa hiyo dhambi tutagawana.

Nikiingia zamu, kabla sijamsalimia, anauliza, "Barua?" Nikisema bado, anasukuma sahani. Kwa hiyo andika leo hii. Na umtafute huyo mbwa kama ambavyo ungemtafuta mtoto uliyemzaa.

Muuguzi


12 Machi

Mama Mkunga,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, tovuti ilinisumbua, nikashinda kutwa nzima naikarabati.

Huku ni raha tupu. Hakimu amenenepa. Kaka ameanza kumfichia mifupa, akiona namtazama anajifanya anasoma gazeti. Asubuhi tunazunguka mtaa, kamba mkononi, kama ulivyoagiza. Na amenizoea kweli kweli! Nikiwa jikoni naita tu "Hakimu!" basi, anakuja mbio kutoka uani, masikio yamesimama, karibu aniangushe. Ameijua sauti yangu mara moja.

Wewe tulia, upone. Tunakungoja.

Mkurugenzi


15 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili. Ya pili niliiomba mwenyewe.

Umesema anakuja ukimwita. Hata akiwa amekupa mgongo? Na huku mvua zimeanza, jana radi ilipiga mpaka vitanda vikacheza. Kama huko nako kuna radi, Hakimu akisikia anafanyaje? Nijibu upesi.

Mama Mkunga

Dada, ni mimi muuguzi. Amekuwa kimya tangu juzi. Sijui kuna nini. Nilipofika pale pa "masikio yamesimama" alinishika mkono, akanibana. Jibu haraka, umtulize.


17 Machi

(Karatasi ya kusomwa)

Mama Mkunga,

Shikamoo. Umenikumbusha radi, nimecheka peke yangu! Ilipiga juzi jioni. Loo, hakimu mzima aliyeogopwa na mtaa, alichomoka mbio akajibana chini ya kitanda changu, anatetemeka. Nikamwita kwa sauti ya chini, "Hakimu, toka, imepita." Akatoa pua kwanza. Hata akinipa mgongo, mama, nikitaja jina lake tu anageuka. Tumeelewana kama pacha.

Mkurugenzi

(Karatasi ya kutosomwa)

Dada Muuguzi,

Bado. Nimebandika picha yake kila nguzo, mvua inazibandua, nabandika tena. Nimeletewa mbwa wa kila rangi na umbo. Kuna aliyeniletea mbuzi, akaniuliza kama huyu naye hafai. Bwana mmoja ameona jina la kampuni kwenye tangazo, akapiga simu kuuliza kama ninaweza kumpotezea mbwa wa jirani yake. Nilicheka, dada. Nilicheka mpaka kaka akaja kunishika mabega, kwa sababu haikuwa tena kicheko.

Napita njia zile zile, na kipaza sauti kile kile. Naita ninapoamka, naita nikiwa naoga. Tarehe 22 inakuja na mimi sina mbwa, nina barua nzuri tu. Kila ninayoiandika inamfanya mbwa huyu awe bora zaidi. Naogopa hata akipatikana hatafanana na niliyemwandika.

Mkurugenzi


20 Machi

Mwanangu,

Hakimu ni kiziwi.

Amezaliwa hivyo. Hasikii radi wala honi, na jina lake hajawahi kulisikia hata siku moja. Jina lile nilimpa kwa ajili yangu mwenyewe, nipate cha kumwita. Muuguzi anaandika haya, nimeshamkamua na amesema yote. Nyote wawili ni waongo wabaya. Nimekaa na waume wa watu waliochelewa leba wakisingizia foleni. Hamniwezi.

Nilijua tangu barua yako ya tarehe 12 kwamba huna mbwa. Basi mbona sikusema? Kwa sababu nilikuwa na langu. Kabla yako nilijaribu kumwachia watu wengine, wakisikia ni kiziwi wanakataa, wanasema mbwa asiyesikia akishtuliwa anang'ata. Tovuti yako ikauliza kama mnyama ana kasoro yoyote. Nikakwambia uandike hana. Nilitaka wewe ukiri kwanza, ili la kwangu lionekane dogo. Nikakutega na radi, ukanasa, na bado nikanyamaza, nikalala na kiburi changu kifudifudi. Mficha uchi hazai. Nimewaambia wanawake wangapi maneno hayo, na mimi nikaficha.

Sasa sikiliza. Usimwite. Tupa hicho kipaza sauti. Ukimwona, zunguka umtokee mbele, umpungie mkono. Akiwa amelala, kanyaga chini kwa kishindo, atahisi. Na mtafute panaponguruma. Anapenda kulala juu ya ardhi inayotetemeka, karibu na jenereta, mashine, injini yoyote. Hiyo ndiyo sauti pekee anayoipata, anaipata kwa tumbo. Mimi mwenyewe nilimwokota kiwanda cha matofali.

Nenda sasa hivi, usimalize kusoma mara ya pili. Silii. Nimeng'ata mto.

Mama Mkunga


23 Machi

Mama Mkunga,

Sijui kama bandeji imetoka. Dada Muuguzi, msomee yote, usiruke hata neno.

Barua yako ilinikuta mlangoni, sikuingia hata ndani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga nafaka, kule nyuma ya maghala. Nimepita pale na kipaza sauti sijui mara ngapi.

Nilimkuta mlinzi amekaa kwenye gunia. Nikamwonyesha picha. Akaitazama, akasema, "Wa kwangu hakuwa wa rangi hii. Wa kwangu alikuwa mweupe." Nikamuuliza mweupe vipi. Akasema, "Mweupe wa unga. Alikuwa analala pale chini ya chekeche."

Nikamuuliza mbona hakuniambia, nami nilipita naita. Hakuwa na kiburi, mama, alinijibu kwa upole. Alisema, "Nilikusikia, dada yangu. Siku ile umeme ulikuwa umekatika, mashine zimenyamaza, sauti yako ilijaa uwanja mzima. Nikamtazama mbwa. Alikuwa amelala hapo miguuni pangu, hakuinua hata kichwa. Nikasema huyu siye. Mbwa gani asiyelijua jina lake?"

Nilikuwa barabarani, mama. Geti lao ni la nondo. Ningegeuza shingo ningemwona.

Kisha siku moja lori la mahindi lilirudi nyuma. Dereva alipiga honi, wapakiaji wote wakaruka pembeni. Yeye alikuwa amelala nyuma ya gurudumu. Mlinzi anasema haikuchukua muda. Alimzika mwenyewe, pembeni ya ukuta wa mashine, kwa sababu alikuwa amemzoea. Amekitunza kitambaa, kimeganda unga hata jina la kampuni halisomeki, nimekichukua.

Nilivua viatu nikasimama pale. Mashine zilikuwa zinasaga. Ardhi inatetemeka mpaka kwenye magoti, kweli kama ulivyosema. Nililia mbele ya wapakiaji, mmoja akaniletea maji.

Mimi ndiye niliyefungua kamba. Ulinikataza, nikafungua, kwa ajili ya picha. Halafu nikakuandikia mbwa ambaye hakuwepo, nikakuchekesha naye. Ningekuambia siku ya kwanza, ungeniambia siku ya pili, naye angekuwa hai. Nimeyaandika haya kwenye tovuti, kwa herufi kubwa kama zile za mwanzo. Waliokuwa wameanza kuulizia wamenyamaza, na wako sahihi.

Sikuombi unisamehe. Sijui ninaomba nini.

Aliyekuwa Mkurugenzi


28 Machi

Mwanangu,

Bandeji imetoka. Daktari aliwasha tochi akauliza ninaona nini. Nilisikia kitufe. Ndicho nilichokiona.

Akasema tena "tusubiri". Nikamwambia, baba, mimi na wewe tumefanya kazi moja, usinifanyie hivyo. Akakaa kitandani kwangu, akanyamaza. Hapo nikamheshimu.

Barua yako nimesomewa, na nimelia. Nimelia kwa jicho na kwa lisilo jicho, hakuna tena cha kuharibu. Muuguzi alitaka kuruka pale pa gurudumu. Nilimsikia akivuta pumzi, nikamwambia rudi, soma.

Umeandika unga, umeandika honi, umeandika mpaka mtu aliyekuletea maji. Siku hukuandika. Wewe usiyeanza barua bila tarehe! Basi nimeijua. Alikufa wakati mimi nimeshajua na bado sijasema, nikiwa nimenyamaza nangoja ukiri wako. Ulitaka kunifichia hilo. Usirudie tena.

Sijakusamehe. Na mimi nafsi yangu sijaisamehe, kwa hiyo usijione umeonewa.

Binamu amekuja na gari, ameleta na shuka jipya. Nimemrudisha. Ijumaa natoka, nakwenda nyumbani kwangu, na wewe ndiye utakayenichukua. Kile kitambaa uje nacho, nitakishika.

Pale mlangoni kwangu kuna ngazi. Sijui ni ngapi. Nimezipanda miaka yote bila kuhitaji kujua, kwanza nilikuwa na jicho, kisha nikawa na mbwa. Najua moja imevunjika ukingo, ipi sikumbuki. Utanishika mkono utaniambia: hii hapa, inua mguu, hii nzima, hii mbovu. Nami nitakanyaga pale utakaposema. Sina namna ya kuhakikisha. Ukiniambia imebaki moja na zimebaki mbili, kwa kunionea huruma au kwa kuogopa kunisumbua, nitaanguka, na mifupa yangu si ya kuunganika tena.

Fikiria vizuri kabla hujatoka kwenu. Kama huwezi, baki.

Mama Mkunga